Msimamizi wangu anataka tasnifu yangu iwe ya mradi wake

Shikamoo Mama mshauri,

Mimi ni mwanamke wa miaka 34, mzaliwa wa Lindi, mhadhiri msaidizi katika chuo kikuu kimoja cha umma nyumbani Tanzania. Niko Marekani kwa likizo ya masomo, mwaka wa tatu wa shahada ya uzamivu katika sayansi ya siasa. Nimeolewa, na binti yetu wa miaka 5 nimemwacha na baba yake Morogoro. Nakuandikia kwa sababu hapa nilipo sina wa kumweleza haya bila maneno kufika idarani, na nikiyasema nyumbani naambiwa, "Wewe uko Marekani, unalalamika nini?"

Nieleze kwanza masomo ya huku yalivyo, maana hata mimi nilikuja sijui. Kwetu nilizoea kwamba uzamivu ni tasnifu: unapewa msimamizi, unaandika andiko lako, unakwenda uwandani, unarudi kuandika. Huku miaka miwili ya kwanza ni darasani. Kila semina ina kitabu kizima cha kusoma kwa wiki, na makala juu yake, na semina ni tatu kwa muhula. Kuna pia kozi za takwimu, moja baada ya nyingine. Mimi niliyeiaga hisabati kidato cha nne leo naandika programu za kuchambua data za watu maelfu. Madarasa yakiisha, unakuja mtihani wa kufuzu. Unachagua matawi mawili ya fani, na mimi nimechagua siasa linganishi na uhusiano wa kimataifa, kisha unatakiwa uwe umesoma kila kilichomo kwenye orodha ya kila tawi. Unaandika kutwa nzima, halafu unakaa mbele ya maprofesa wakuhoji. Ukifaulu, unatetea andiko la utafiti mbele ya kamati, ndipo unaruhusiwa kuanza tasnifu. Mtihani wangu ni mwezi wa tano.

Wakati huohuo mimi ni mfanyakazi wa idara. Nimesamehewa ada, napata posho na bima ya afya, na badala yake nafundisha saa 20 kwa wiki. Naongoza vikundi vya majadiliano vya kozi ya utangulizi wa siasa za Marekani, nasahihisha, nakaa ofisini kungoja wanafunzi. Vijana wa miaka 19 wananiuliza kwa nini Wyoming, jimbo lenye watu wachache kuliko yote, lina maseneta wawili sawasawa na California, na mimi wa Lindi ndiye ninayewaeleza. Kazi hiyo naipenda kwa moyo. Lakini insha zikija huja kwa rundo, na kijana akipata alama asiyoitaka ananiandikia usiku wa manane, anataka jibu kabla ya asubuhi.

Sasa nije kwenye tatizo. Msimamizi wangu si mtu mbaya. Yeye ndiye aliyepigania nipate nafasi hii, na mwaka wa kwanza, sikukuu ya Shukrani, alinialika kwake nikala na familia yake. Ana mradi mkubwa wa utafiti katika nchi kadhaa za Afrika. Wanapima kama mpigakura hubadilisha msimamo wake juu ya kiongozi akipewa taarifa za jinsi fedha za umma zilivyotumika. Tangu mwaka jana namsaidia upande wa Tanzania: nimetafsiri dodoso, nimelijaribu kwa simu na watu wa nyumbani, nimesafisha data za majaribio. Silipwi kwa kazi hiyo na hakuna tulichoandikiana. Aliniambia tu kwamba jina langu litakuwamo kwenye makala mojawapo.

Mwezi uliopita aliniita akasema sehemu yote ya Tanzania ni yangu nikitaka, niifanye tasnifu. Data zitakuwepo, fedha za uwandani zipo, nitamaliza mapema. Kisha akaongeza kwamba mwezi wa nne anataka niende Dodoma na Mtwara nikawafunze wadadisi. Mwezi wa nne, Mama, na mtihani ni wa tano!

Mimi nina mada yangu, niliyokuja nayo. Nataka kuandika juu ya mkutano mkuu wa kijiji. Nikiwa likizo kwetu nilihudhuria mkutano mmoja chini ya mkorosho. Mtendaji alikuwa amesimama na daftari lake anasoma mapato na matumizi harakaharaka, kama mtu anayetaka mvua isimkute. Bibi mmoja akanyanyuka, akajifunga kanga vizuri, akauliza bati za zahanati zilizonunuliwa msimu wa ufuta ziko wapi, maana zahanati bado inavuja. Hakukaa mpaka alipojibiwa. Kijiji cha jirani, umbali wa kutembea, watu waliniambia hawakumbuki mara ya mwisho kusomewa chochote. Tangu siku hiyo nataka kujua kwa nini. Nilipomweleza profesa, alinisikiliza kwa adabu, kisha akasema, "Hapo una mahali. Bado huna swali." Nililia njia nzima kurudi nyumbani.

Mwajiri wangu alinipa likizo ya miaka minne, na nimesaini bondi ya kurudi kufanya kazi. Masomo ya huku huchukua mitano au sita. Kila mwaka lazima nipeleke ripoti ya maendeleo iliyosainiwa na msimamizi, bila hiyo hawaongezi muda. Kwa hiyo huyu ninayetaka kumkatalia ndiye mwenye kalamu. Mama mkwe naye anasema mtoto anakua hamjui mama, na kwamba mwanamke mwenye shahada mbili ametosheka. Wakati mwingine nawaza nimlete mume wangu na mtoto huku. Wakati mwingine nawaza niache kila kitu nirudi, nisajiliwe uzamivu nyumbani.

Naomba unisaidie kuwaza. Nikubali mradi wa profesa nimalize nirudi kwa mwanangu, au nishike mada yangu? Na nikikataa, si nitakuwa nimejifungia mlango kwa mkono wangu?

Mwana wa Kusini, Marekani

*

Marahaba, mwanangu. Pole kwa mzigo, na hongera kwa kufika ulipofika. Mtu aliyeacha hisabati kidato cha nne akaja kufaulu kozi hizo za takwimu ameshafanya kazi kubwa kuliko anavyojihesabia.

Niseme nilivyokuelewa, na unisahihishe nikipotoka. Unaona njia mbili. Ya kwanza ni ya profesa: ina fedha, ina data, ina haraka, na inakupeleka nyumbani mapema, lakini moyo wako haumo. Ya pili ni yako: ina moyo, haina fedha, na unaogopa kwamba ukiishika utapoteza msimamizi, ripoti, likizo na pengine ajira. Juu ya njia zote mbili umemweka mtoto, kwa hiyo kila saa unayoitumia kwenye jambo lolote unaihesabu kama saa uliyomnyang'anya.

Nataka kuanzia mbali kidogo na swali la mada, kwa sababu barua yako imenionyesha kwamba mambo yaliyokulemea yametoka kwa watu tofauti na yana nguvu tofauti, ila wewe umeyafunga furushi moja ukalibeba kichwani. Madarasa, mtihani wa kufuzu, kutetea andiko na tasnifu ni masharti ya shahada. Yameandikwa, na hata msimamizi wako hawezi kukupunguzia wala kukuongezea. Kufundisha ni ajira, ina mkataba wake na saa zake. Kutafsiri dodoso, kulijaribu kwa simu na kusafisha data ulifanya kwa hisani. Sisemi ni vibaya kumfanyia mwalimu wako hisani. Sisi tumelelewa hivyo, na yeye amekufanyia nyingi. Lakini hisani ikishafika mahali pa kukutoa nchini mwezi mmoja kabla ya mtihani, inafaa iitwe kazi na izungumzwe kama kazi.

Idara yako lazima ina mwongozo wa wanafunzi wa uzamivu. Usome tena, safari hii ukitafuta jambo moja: ni wapi imeandikwa kwamba mwanafunzi anatakiwa kufanya utafiti wa msimamizi wake? Ziko fani ambazo hiyo ndiyo desturi. Kwenye maabara za kemia au baiolojia, mwanafunzi hulipwa kutoka kwenye ruzuku ya profesa na tasnifu yake huzaliwa humohumo. Sayansi ya siasa haikujengwa hivyo. Kwa mazoea yake mwanafunzi huja na swali lake, na msimamizi hulinoa. Miaka hii, miradi mikubwa ya dodoso na majaribio ya uwandani ilivyoongezeka, desturi ya maabara imeanza kuingia na kwenu, na nadhani wewe umesimama hapo mpakani. Inawezekana profesa wako anaona amekupa zawadi, na kwa macho yake ni kweli. Je, umewahi kumwambia kwamba wewe unaiona tofauti? Katika barua yako sikuliona hilo. Nimeona alichosema yeye, nikaona machozi yako njiani.

Maneno yake yale, "una mahali, bado huna swali," yalikuumiza, na naelewa. Lakini yatazame tena ukiwa umetulia. Katika fani yenu hilo ni swali analoulizwa kila mtu anayekuja na kisa: hiki ni kisa cha nini? Anaulizwa wa Lindi kama anavyoulizwa wa Chicago. Elinor Ostrom alipata uzamivu wake wa sayansi ya siasa mwaka 1965, na tasnifu yake ilihusu namna watu walivyosimamia maji ya ardhini ya bonde moja kusini mwa California. Bonde moja tu. Kutoka hapo akaja kuuliza ni lini watu wanaotumia mali kwa pamoja huweza kujiwekea sheria wenyewe na kuzifuata, na mwaka 2009 akawa mwanamke wa kwanza kupewa Tuzo ya Nobel ya uchumi. Mahali padogo pakipata swali lake panabeba mengi.

Na swali lako, mwanangu, mimi naliona limo ndani ya barua yako. Sheria ya Serikali za Mitaa ya mwaka 1982, ile ya mamlaka za wilaya, ni moja kwa vijiji vyote vya bara. Inasema kila mkazi mwenye umri wa miaka 18 na kuendelea ni mjumbe wa mkutano mkuu, na kwamba kuna halmashauri ya kijiji yenye wajumbe 15 hadi 25. Sheria ni ileile, wilaya ni ileile, zao ni lilelile, na vijiji vinapakana. Kimoja bibi anauliza bati na hakai mpaka ajibiwe, kingine hawakumbuki kusomewa. Ukiuliza ni nini kinawafanya wananchi wadai hesabu mahali pamoja na wasizidai pengine wakati haki yao ni sawa, umeshatoka kwenye mahali na umeingia kwenye swali.

Hapa ndipo nataka utulie kidogo nami. Profesa wako anapima mtu anafanya nini akipelekewa taarifa za fedha za umma na mgeni mwenye kishikwambi. Wewe unataka kujua watu wanazipataje taarifa hizohizo wao kwa wao, bila mgeni. Mimi si mjumbe wa kamati yako, lakini kwa macho yangu hizi mada mbili ni ndugu. Umeniandikia kana kwamba moja lazima ife ili nyingine iishi. Inawezekana ni kweli, kwa sababu unazozijua wewe za mbinu na za nafasi. Ila kabla ya kukata kauli, kaa na kalamu ujaribu kuandika ukurasa mmoja tu unaozikutanisha, uone kama kalamu inagoma.

Ukiona haigomi, ziko namna. Idara nyingi za Marekani siku hizi hukubali tasnifu ya makala tatu badala ya kitabu kimoja kizima. Makala moja ingeweza kutumia data za mradi, na mbili zikawa za mikutano: kukaa vijijini, kusoma mihtasari, kuzungumza na watendaji na akina bibi kama yule. Ungeweza pia kuomba maswali machache ya kuhudhuria mkutano na kusomewa mapato yaingizwe kwenye dodoso, maana kwa kazi uliyokwisha kuifanya una haki ya kuomba. Na hata bila mradi wake, data za Afrobarometer, ule utafiti wa maoni ya wananchi katika nchi nyingi za Afrika, zinapatikana bure, zimekuwa zikikusanywa Tanzania tangu mwanzoni mwa miaka ya 2000, na humo watu huulizwa kama walihudhuria mkutano wa jamii. Si lazima uanze na mikono mitupu.

Njia hiyo ya katikati ina hatari zake, nisikufiche. Tasnifu ya makala tatu inaweza kutoka vipande vitatu visivyosalimiana, na kamati ikauliza uzi uko wapi. Data za mradi ni za profesa, na watafiti wengi huzizuia mpaka wao wenyewe wachapishe kwanza. Unaweza kujikuta umemaliza sura na huruhusiwi kuitoa. Kuna na suala la fedha. Mwaka 2025 ruzuku nyingi za serikali ya Marekani zilikatwa ghafla, na miradi ya Afrika iliumia. Kwa hiyo akikuambia fedha zipo, muulize kwa heshima zinatoka wapi na ni za mpaka lini, kabla hujaweka maisha yako juu yake.

Ukichukua mradi wake mzima, faida ulizozitaja ni za kweli. Nyumbani, kinachomtoa mtu kwenye uhadhiri msaidizi kuwa mhadhiri ni shahada kukamilika. Sijaona mtu akinyimwa cheo kwa sababu mada haikutoka moyoni mwake. Wengi wameandika tasnifu ya kumalizia, kisha wakaenda kwenye mapenzi yao wakiwa tayari wana jina. Lakini jiulize utakaporudi, baada ya miaka ya mradi huo, kama utakuwa bado na hamu ya kukaa chini ya mkorosho ule. Wewe unajijua. Na siku ya kujitetea utaulizwa mchango wako mwenyewe ni upi, kwa hiyo hata humo utahitaji swali ambalo ni lako.

Ukishika mada yako peke yake, utaandika ukiwa mzima, na hilo lina thamani kubwa katika miaka ya upweke ya kuandika. Utalipia kwa kutafuta fedha za uwandani, na kwa muda. Na hali ya nyumbani unaijua. Baada ya kibali cha utafiti cha COSTECH, Tume ya Taifa ya Sayansi na Teknolojia, kuna barua ya mkoa, kuna wilaya, kuna mtendaji wa kata, kuna wa kijiji, na kila mezani unaelezwa urudi kesho. Tangu Uchaguzi Mkuu wa 29 Oktoba 2025 na machafuko yaliyoufuata, mwanakijiji ana haki ya kutaka kujua nani kakutuma kabla hajakujibu lolote la uongozi. Hilo linakugusa kwa mada zote mbili, tena la profesa zaidi, kwa sababu wadadisi watakaobeba maswali ya kura mlango kwa mlango ni vijana wa hukohuko. Wao watabaki baada ya mradi kufungwa, na sura itakayojulikana ni yako. Kama hujamweleza hilo, mweleze. Nani mwingine kwenye mradi huo anaweza kumweleza? Kamati ya maadili ya utafiti ya chuo chenu nayo ingependa kulisikia.

Sasa mwezi wa nne. Hili lina tarehe, kwa hiyo nakuomba ulitangulize mbele ya mengine yote. Mtihani wa kufuzu hausogei, mafunzo ya wadadisi yanasogea. Na unayo sababu nzuri ambayo haimvunjii profesa heshima: Aprili mvua bado ipo Kusini, na barabara za vijijini unajua zinavyokuwa. Juni kunakauka. Mtafiti anayetaka data safi atakusikiliza ukimwambia hivyo. Juni utakuwa umeshaukabili mtihani, na muhula umefungwa. Kumbuka pia kwamba kama uko kwa viza ya F-1, ile ya wanafunzi, kazi ya chuoni wakati wa muhula haitakiwi kuzidi saa 20 kwa wiki, nawe saa zako zimekwisha kwenye kufundisha. Usikisie hapo, nenda ofisi ya wanafunzi wa kimataifa ukaulize kazi ya mradi inahesabiwaje, hata ile isiyo na malipo. Pengine utagundua kwamba linalofaa kuombwa ni mwakani uajiriwe kwenye mradi badala ya kufundisha, kwa posho ileile. Ungekosa vijana wako wa maseneta wawili, na umesema unawapenda. Hilo nalo liweke kwenye mizani.

Suala la jina lako kwenye makala liandikwe. Barua pepe fupi ya shukrani inatosha: "Nimefurahi tulivyokubaliana kwamba nitakuwa mwandishi mwenza wa makala ya Tanzania, naomba unithibitishie nimeelewa sawa." Fani yenu inafanya hivyo kila siku, wala hataona umemshuku.

Kuhusu mtihani wenyewe, usiuchukie sana. Orodha ile inayokuchosha ndiyo utakayoifundisha ukirudi, maana mhadhiri wa sayansi ya siasa nyumbani hufundisha fani nzima, haachiwi sura moja aliyoipenda. Omba maswali ya miaka iliyopita, tafuta wenzako wawili msomeane majibu kwa sauti. Ulizia mapema kama mwongozo unaruhusu kurudia. Idara nyingi huruhusu mara moja, na kulijua hilo peke yake hupunguza kutetemeka.

Umesema profesa ndiye mwenye kalamu. Una hakika? Idara za huko huwa na mratibu wa masomo ya uzamivu, ambaye kazi yake ni kujua kila mwanafunzi amefika wapi, na barua yake kwa mwajiri ina uzito. Muulize mwajiri wako kwa maandishi kama ataikubali. Uliza pia sasa, kabla mwaka wa nne haujakuzonga, utaratibu wa kuongeza muda ukoje kwa mwenye masomo ya miaka mitano au sita. Ukijibiwa ndiyo, hofu yako juu ya msimamizi itapungua nusu, na mazungumzo yenu yatakuwa ya mwalimu na mwanafunzi tena. Hata kubadili msimamizi kunawezekana. Wanafunzi hubadili, hasa baada ya mtihani wakati wa kuunda kamati. Ila huyu aliyekupigania, nisingependa umwache kabla hujampa nafasi ya kukusikia.

Kurudi nyumbani ni njia halali, si aibu. Vyuo vyetu vina uzamivu wa tasnifu pekee, na ule wa madarasa pamoja na tasnifu, na idara nyingi za huko humpa anayeondoka katikati shahada ya umahiri kwa madarasa aliyomaliza. Ungemlaza mwanao mwenyewe kila usiku. Ungekuta pia madarasa ya mamia ya wanafunzi yanakungoja, na wenzako wanaoandika tasnifu huku wanafundisha wanaweza kukusimulia inavyochukua. Soma bondi yako vizuri inasemaje kuhusu masomo yasiyokamilika, kisha mwonyeshe mtu wa sheria.

Limebaki la nyumbani, na nimeliacha nyuma kwa sababu moja. Barua yako yote nimemsikia profesa, nimemsikia mama mkwe, nimemsikia hata kijana wa usiku wa manane. Mumeo sijamsikia hata neno. Yeye ndiye anayemwogesha mtoto na kumpeleka shule. Anasemaje? Unawaza kumleta, lakini kwa viza ya F-2, ile ya mwenzi na watoto wa mwanafunzi, hataruhusiwa kufanya kazi, ingawa mtoto ataweza kusoma shule. Mwanaume aliyezoea kazi yake, kukaa nyumba ya kupanga kwenye theluji akisubiri mkewe arudi maktaba, ni jambo la kuamua yeye mwenyewe akiwa amelielewa. Na pengine yeye ana wazo ambalo wewe na mama mkwe hamjalifikiria, kama vile wewe kukaa nao Morogoro mwaka mzima wa uwandani. Tasnifu yako ni ya Tanzania, mwanangu, kwa mada yoyote utakayoichukua. Miaka ya madarasa ndiyo iliyokufunga huko, nayo umeimaliza.

Mpigie mumeo kwanza, kisha omba miadi na profesa, uende na ule ukurasa mmoja na hoja ya Juni. Niandikie tena ukishaonana naye. Nitataka kujua alisemaje kuhusu Juni, na mume alisemaje kuhusu mwaka wa uwandani.